Ofisi ya viza kwa watumishi wa makanisa, Moshi mjini: faili zuri, ahadi mbaya

Tathmini hii inahusu ofisi moja ya uwakala wa safari iliyoko Moshi mjini, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Mnara wa Saa, ambayo kwa muda mrefu imejitangaza kuwa ni ofisi ya watumishi wa Mungu. Kazi yake kubwa ni kuandaa maombi ya viza ya wachungaji, mapadre, masista, wainjilisti na wanakwaya wanaoalikwa ng'ambo, na kwa kiasi kidogo huwasaidia pia wageni wa makanisa wanaokuja Kilimanjaro. Mimi ni katibu wa kamati ya uhusiano katika usharika mmoja wa Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na tumeitumia ofisi hiyo kwa ujumbe uliokwenda Ujerumani mwaka jana na kwa mwaliko wa Marekani ambao haukuzaa safari. Jina la ofisi silitaji, kwa kuwa sehemu ya nitakayoyasema ni malalamiko, na mwenye ofisi hayupo hapa kujitetea.

Maoni yangu ni kwamba ofisi hii inafanya vizuri sana kazi iliyo mikononi mwake, na inauza vibaya kazi isiyo yake. Kupanga faili ni kazi yake, na katika hilo sijaona wa kuishinda hapa mjini. Kutoa viza ni kazi ya ubalozi. Hata hivyo bango lililo mlangoni limeandikwa "Viza Uhakika" kwa herufi nyekundu, na wazee wa kanisa wanaopanda zile ngazi wakiwa na fedha za usharika mfukoni hulisoma bango kabla ya kusoma mkataba.

Wapo washarika waliouliza katika mkutano wetu kwa nini tusijaze fomu wenyewe, na swali lao ni la haki, maana fomu yenyewe haimshindi mtu aliyesoma. Ugumu uko katika umbali na katika ushahidi. Moshi hakuna ubalozi. Mwombaji wa viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, anapaswa kufika mwenyewe Dar es Salaam kutoa alama za vidole, isipokuwa kama alikwisha kuzitoa ndani ya miezi 59 iliyopita, na hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 500 kwa basi linaloondoka alfajiri na kumshusha kituo cha Mbezi Luis, Dar es Salaam, siku ikiwa imekwisha. Mchungaji anayekosa karatasi moja dirishani hana namna ya kurudi nyumbani kuichukua. Anapoteza miadi, na miadi nyingine huenda ikapatikana baada ya mkutano aliokuwa akiuendea. Ada ya viza hiyo, ambayo tangu Juni 2024 imepanda kutoka euro 80 hadi euro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi mtu akinyimwa. Ukijumlisha nauli, malazi ya Dar es Salaam, bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, na pasipoti ya shilingi 150,000 kwa asiye nayo, unapata gharama ambayo usharika wa mlimani huibeba kwa kunadi ndizi na kahawa zilizoletwa kanisani siku ya mavuno. Ndiyo maana nasema faili lililokamilika kabla ya kupanda basi ni huduma inayostahili kulipiwa.

Anayestahili sifa katika ofisi hiyo ni mama mmoja wa makamo, aliyewahi kuwa karani wa ofisi ya kanisa, ambaye hupokea kila hati, huisoma yote na kuuliza maswali ambayo afisa wa ubalozi angeuliza. Faili la mchungaji wetu lilipofika mezani kwake lilionekana dhaifu kwa namna ambayo sisi wa kanisani hatukuwa tumeiona. Mchungaji anaishi katika nyumba ya usharika, kwa hiyo hana nyumba anayoweza kuionyesha kuwa ni yake. Kihamba alichorithi kwa baba yake, chenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee, hakina hatimiliki wala hakijawahi kuihitaji, kwa sababu mipaka yake ni masale yaliyopandwa na babu na kila jirani anaifahamu. Mshahara wake unapita benki, lakini sehemu kubwa ya maisha yake haipiti huko: mkungu wa ndizi, maziwa, mbuzi wa shukrani, bahasha ya siku ya ubatizo. Afisa anayesoma taarifa ya benki anamwona mtu asiye na cha kumrudisha nyumbani, ilhali sisi tunamjua kuwa ni mtu asiyeweza kukosekana Jumapili mbili mfululizo bila simu kupigwa ofisi ya dayosisi.

Kazi ya mama huyo ilikuwa kuufanya ukweli huo usomeke kwa mtu asiyeijua Kilimanjaro. Aliagiza barua ya mwenyekiti wa kijiji inayoeleza kihamba, ukubwa wake na wanaokitegemea, pamoja na picha. Aliagiza barua ya mkuu wa jimbo inayotaja mwaka ambao mchungaji aliwekewa mikono, kituo chake cha kazi na tarehe anayotakiwa kurudi kazini. Slipu za mshahara, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ni vitu ambavyo wakala yeyote angevitaka. Lakini ratiba ya kipaimara, ile karatasi tunayoibandika ubaoni kila mwaka, ni yeye aliyetuambia tuipige nakala, tuitie muhuri na kuitafsiri, kwa kuwa inaonyesha ibada ambayo mchungaji huyuhuyu ndiye wa kuiongoza wiki chache baada ya safari.

Barua ya mwaliko ndiyo iliyonifanya niheshimu kabisa kazi yake. Rafiki zetu wa Ujerumani walikuwa wameandika kwa moyo mweupe kwamba, kwa kuwa mchungaji wao angekuwa likizo, wa kwetu angeshika ibada za Jumapili katika kipindi hicho chote. Mama aliisoma hadi mwisho, akavua miwani, akaniambia, "Katibu, Baba Mchungaji akiulizwa dirishani anakwenda kufanya nini, atasema anakwenda kushika zamu ya mwenzake? Hiyo ni ajira, baba yangu, hata asipolipwa senti." Hakushauri tufiche neno. Aliomba wenyeji waelezwe shida iliyopo. Wakatafuta mtu mwingine wa kushika zamu, na wa kwetu akapangiwa kuhubiri mara moja kama mgeni. Barua mpya ilitaja tarehe zinazolingana na tiketi iliyoshikiliwa, nyumba atakayolala na nani anagharimia nini, na iliambatana na hati ya dhamana, ambayo mwenyeji huitia saini katika ofisi ya wageni ya mji wake na ambayo inamfunga kulipa gharama za mgeni endapo atakwama.

Kwa Wakatoliki jambo hili ni zito zaidi, na mama analijua kwa sababu mashirika ya masista yenye nyumba mkoani kwetu ni wateja wake wa kudumu. Sista aliyeweka nadhiri ya ufukara hana akaunti, hana mshahara, hana mume wala watoto. Yaani kila kisanduku ambacho ubalozi hukitumia kupima kama mtu atarudi, kwake ni kitupu, na ni kitupu kwa sababu ya wito uleule unaomfunga arudi. Dawa aliyoizoea ni barua ya mkuu wa shirika inayobeba wajibu wa fedha, taarifa za benki za shirika lenyewe, cheti cha nadhiri, na barua ya utume inayoonyesha wodi au darasa linalomsubiri. Ameniambia kwamba sista mwenye nadhiri za daima hueleweka kwa urahisi kuliko yule ambaye bado yuko kwenye nadhiri za muda, hata kama huyo wa pili ndiye anayekwenda kusomea jambo ambalo shirika linalihitaji.

Lakini mama hayupo kila siku, na hapo ndipo ofisi inapoteleza. Siku moja ambayo hakuwepo, kijana anayekaa meza ya pili alimshauri mwinjilisti wetu aazime milioni tano, azikalishe kwenye akaunti kwa mwezi mmoja ili taarifa ya benki "ichangamke", kisha azirudishe. Akaongeza kwamba anawafahamu watu wanaokopesha kwa kazi hiyohiyo, kwa riba. Huo ni ushauri mbovu hata kwa hesabu ya kidunia, kwa kuwa afisa anayepitia miamala ya miezi kadhaa anaona mshahara mdogo ukiingia na kutoka, halafu fedha nyingi zinaanguka katikati kutoka kwa mtu asiye na uhusiano wowote na mwombaji, na kuanzia hapo kila karatasi nyingine katika faili inatiliwa shaka. Kwa hesabu ya kanisa ni mbaya zaidi, maana mtu hawezi kwenda kutangaza undugu wa Kikristo kwa hati ya uongo. Nilipomfikishia mwenye ofisi, alicheka na kusema kijana ana haraka ya maisha. Ningependa angekasirika.

Mchungaji, mzee wa kanisa mwenye duka na mwalimu mstaafu walipata viza za Ujerumani. Mwinjilisti, ambaye hakufuata ushauri wa kuazima, na wanakwaya vijana walinyimwa. Fomu zao za kukataliwa zilikuwa na alama kwenye kisanduku kilekile, kwamba haikuthibitika kuwa wana nia ya kuondoka katika nchi za Schengen kabla viza haijaisha. Mafaili yao yalikuwa yamepangwa vizuri kama ya wengine, kwa hiyo siilaumu ofisi. Kijana asiyeoa, anayefundisha kwaya kwa kujitolea na kuendesha bodaboda siku za kazi, hakuna wakala anayeweza kumtengenezea mali asiyokuwa nayo.

Walio kwenye halmashauri za sharika naomba walitazame kwa makini jambo lililofuata. Halmashauri yetu ilipokaa kupendekeza majina ya ujumbe mwingine, wajumbe hawakuuliza nani anafaa kwa kazi, bali nani anaweza kupita ubalozini: mwenye ndoa, mwenye ajira ya serikali, aliyewahi kusafiri akarudi. Mama wa ofisi mwenyewe huwashauri hivyo wateja wake, na kwa kazi aliyoajiriwa yuko sahihi. Lakini maana yake ni kwamba vigezo vya dirisha la viza vimehamia ndani ya kikao cha kanisa, na uhusiano wa sharika mbili, ambao ulianzishwa ili vijana wajuane, unageuka kuwa safari ya wazee walewale. Vijana wa upande wa pili huomba viza ya Tanzania mtandaoni kwa dola 50, wanakuja, wanalala majumbani kwetu na kula kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, pamoja nasi. Wakirudi kwao wanauliza kwa nini wenzao hawaji. Nimesoma barua zao: wanadhani ni sisi tusiowapa vijana nafasi, na nimelazimika kuwaandikia kwa urefu jinsi kisanduku kile kinavyofanya kazi. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, nyuma ya serikali ya kikoloni ya Kijerumani, hakuna Mchagga aliyekuwa na dirisha la kuwauliza watarudi lini. Naligusa hilo kwa kupita tu, kwa kuwa kuna mzee wetu mmoja ambaye hukumbusha jambo hilo kila kikao.

Kuhusu rufaa, mteja awe macho. Orodha ya bei iliyobandikwa ukutani ilikuwa na "barua ya rufaa, nchi zote za Schengen" kwa bei moja, ilhali Ujerumani ilifuta duniani kote, kuanzia tarehe 1 Julai 2025, utaratibu wa kuuandikia ubalozi kupinga uamuzi wake. Kilichobaki ni kufungua kesi katika mahakama ya utawala ya Berlin, jambo ambalo usharika wa kijijini haulifikirii, au kuomba upya na kulipa upya. Mama aliponiona naisoma orodha hiyo alisema waziwazi kwamba kwa Ujerumani haipo, akatushauri tusubiri hadi mwinjilisti apate barua ya ajira ya kudumu ndipo aombe tena. Ningeridhika zaidi kama ukuta ungesema hivyo wenyewe, kwa ajili ya mteja anayehudumiwa na kijana wa meza ya pili.

Nije kwenye Marekani, ambako ndiko lawama yangu kubwa iliko. Sinodi rafiki, yaani dayosisi ya Kilutheri ya huko, ilimwalika mchungaji wetu kuhudhuria mkutano wake na kuzunguka katika sharika zake akihubiri. Viza inayohusika na ziara ya namna hiyo ni ile ya muda mfupi ya kundi la B, ambayo kwa taratibu za Marekani inamruhusu mhubiri kuzunguka makanisa au kubadilishana mimbari na mwenzake, mradi asilipwe mshahara huko. Mlango huo ulianza kuwa mwembamba Oktoba 2025, Tanzania ilipoingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000 kabla ya kupewa viza hiyo. Dhamana hurudishwa mtu akiondoka kwa wakati, lakini kwanza iwepo, na dola 15,000 ni zaidi ya shilingi milioni 35, fedha ambayo kwetu inaezeka kanisa. Tukiwa bado tunajadiliana na wenyeji nani angeibeba dhamana hiyo, tarehe 16 Desemba 2025 rais wa Marekani alitia saini tangazo lililosimamisha, kuanzia tarehe 1 Januari 2026, utoaji wa viza za kundi la B kwa Watanzania, pamoja na zile za wanafunzi, za programu za mabadilishano na za kuhamia moja kwa moja. Sababu iliyoandikwa ni kiwango cha Watanzania wanaopitiliza muda wa viza zao. Viza zilizokuwa zimetolewa kabla ya tarehe hiyo hazikufutwa. Miongoni mwa walioachwa nje ya zuio wametajwa wanamichezo na timu zinazokwenda kwenye Kombe la Dunia. Wachungaji na maaskofu hawamo.

Katikati ya Januari, nikiwa nje ya mkoa, mhazini wetu alifika ofisini akapokelewa vizuri, akalipa ada ya wakala na dola 185 za ubalozi, akarudi usharikani na risiti. Hakuna aliyemweleza habari ya tangazo. Niliporudi nikamuuliza mwenye ofisi, alinijibu kwamba mfumo uko wazi na miadi inapatikana. Alisema kweli, kwa kuwa hata serikali ya Marekani ilieleza kwamba raia wa nchi zilizotajwa wanaweza kuendelea kuomba na kupangiwa mahojiano. Alichokiacha ni sehemu ya pili ya maelezo hayohayo, kwamba mwombaji anaweza kukutwa hastahili kwa sababu ya zuio lenyewe, hata faili lake likiwa halina kasoro. Miadi ilikuwepo, viza ndiyo haikuwepo. Mchungaji alisafiri hadi Dar es Salaam, akahojiwa kwa heshima kwa dakika chache, akapewa karatasi, akapanda basi la kurudi. Ada ya ubalozi hairudi. Ada ya wakala, kwa mujibu wa mkataba, nayo hairudi kwa kuwa kazi imefanyika, na ni kweli ilifanyika, faili lilikuwa zuri kama kawaida yao. Baada ya halmashauri kuandika barua yenye muhuri walikubali kurudisha nusu. Nasisitiza kwamba simlaumu wakala kwa sera ya nchi nyingine. Namlaumu kwa kupokea fedha ya mtu anayeelekea kwenye mlango ambao yeye, kwa kazi yake, alijua umefungwa.

Kwa haki lazima niseme pia wanachokikataa. Wapo mapadre na wachungaji wanaoitwa Marekani kuhudumu kwa miaka, na viza yao ni nyingine, inayojulikana kama R-1. Hiyo haikutajwa kati ya zilizosimamishwa, ingawa tangazo liliagiza muda wa viza za aina nyingine kwa Watanzania upunguzwe kadiri inavyowezekana. Maombi yake huanzia kule, yakiwasilishwa na kanisa au jimbo linalomwita, na mhusika lazima awe mwanachama wa dhehebu hilo kwa angalau miaka miwili kabla ya maombi. Hupewa kwanza hadi miezi 30, na jumla haizidi miaka mitano. Hadi majuzi, aliyemaliza miaka mitano alitakiwa kukaa nje ya Marekani mwaka mzima kabla ya kuomba tena, na maparokia yalibaki bila paroko. Sharti hilo la mwaka mmoja liliondolewa Januari 2026, baada ya foleni ya ukaazi wa kudumu kwa watumishi wa dini kurefuka sana tangu utaratibu wa kuihesabu ulipobadilishwa mwaka 2023. Shughuli hiyo inahitaji mwanasheria wa huko, na ofisi yetu ya Moshi huikataa na kumrudisha mteja kwa jimbo linalomwalika. Kwa hilo wanastahili pongezi, maana wangeweza kuipokea na kutoza.

Nikiwa kwenye foleni yao nilikutana na mzee mmoja kutoka upande wa Rombo aliyekuja kuuliza kama kijana wake, padre huko Marekani, angeweza kuja kumzika mama yake na kurudi kazini. Mama wa ofisi alimweleza taratibu kwamba ruhusa ya kijana ya kukaa ilikuwa imeongezwa akiwa ndani ya nchi, lakini stika ya viza iliyo kwenye pasipoti ilikwisha kupitwa na muda, kwa hiyo akitoka angelazimika kuomba stika mpya ubalozini Dar es Salaam kabla ya kupanda ndege ya kurudi, na hakuna wa kumhakikishia ingetoka lini. Hakumtoza kitu. "Baba, mwambie aamue mwenyewe akijua yote," alisema, na yule mzee akashukuru akashuka ngazi. Uingereza, kwa wanaouliza, mgeni wa muda mfupi ambaye ni mtumishi wa dini anaruhusiwa kuhubiri, lakini si kushika nafasi ya mchungaji. Anayekwenda kushika nafasi anahitaji viza nyingine yenye mtihani wa Kiingereza, na ofisi huieleza tofauti hiyo vizuri.

Huduma ya wageni wanaokuja kwetu ni ya kawaida. Kijana wa Kijerumani aliyekuja kujitolea kwenye kituo cha watoto alielekezwa vyema kwamba viza ya kawaida haimruhusu kufanya kazi hiyo, akaandaliwa maombi ya kibali cha ukaazi daraja C. Wamarekani hukumbushwa mapema kwamba ada yao ni dola 100 na si 50.

Sehemu nyingine kubwa ya maisha ya kanisa haihitaji ofisi hii kabisa, na ningependa kamati za uhusiano zilitafakari hilo kabla ya kupanga bajeti. Kwaya inayokwenda Taveta, Voi au Nairobi inavuka Holili au Namanga bila viza. Mtanzania haombi viza ya ziara fupi Namibia wala Afrika Kusini. Mashirika makubwa ya makanisa yamekwisha kuonja tofauti hiyo: Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani ulipofanyika Winnipeg, Kanada, mwaka 2003, wajumbe kadhaa kutoka Afrika na Asia walinyimwa viza; ule wa mwaka 2017 ulifanyika Windhoek, Namibia. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilileta mkutano wake wa misioni na uinjilisti hapa jirani, Ngurdoto, Arusha, Machi 2018, na Walutheri wa Afrika walikuwa wamekwisha kukutana Marangu tangu mwaka 1955. Hakuna wakala aliyewahi kunishauri tukutane na rafiki zetu Marangu badala ya Leipzig, na sitegemei anishauri hivyo, kwa kuwa hapo hapati kitu.

Kuhusu bei, kuandaa faili la Schengen ni laki moja na nusu kwa mtu, ikijumuisha tafsiri, miadi na mazoezi ya mahojiano, ambayo mama huyafanya kwa Kiswahili kwanza na kisha kwa Kiingereza. Naiona ni bei ya haki. Faili la Marekani ni laki tatu, na kwa viza za kundi la B, zuio likiwa bado lipo, naishauri halmashauri yoyote isiilipe. Risiti ya mashine hutolewa ukiiomba. Usipoiomba unapewa ya kuandikwa kwa mkono, ambayo mkaguzi wa hesabu za dayosisi hataikubali. Ofisi iko ghorofa ya pili bila lifti, jambo linalowatesa maaskofu wastaafu na masista wazee, na kiti cha kusubiria ni kimoja kirefu karibu na dirisha. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45, kwa hiyo anayeanza na miezi mitatu mkononi amejitesa mwenyewe na kumtesa mama. Aendaye apeleke kwanza barua ya mwaliko peke yake, kabla ya kulipa chochote, siku ambayo mama yupo. Huisoma palepale na kusema inafaa au haifai, na kwa hilo hatozi.